Ugomvi Uliozaa Mchezo wa Kuigiza

Sogeeni karibu, wanangu, na aliye mfupi apishwe akae mbele. Mmeniuliza kwa nini mchezo wa kuigiza una jukwaa lake na watazamaji wana mahali pao, kwa nini waigizaji huvaa mavazi yasiyo yao, na kwa nini mchezo ukiisha sisi sote hupiga makofi hata viganja vikawasha. Maswali ni mengi lakini jibu lake ni moja, na ndani ya jibu hilo kuna ng'ombe.

Hapo kale watu hawakujua kuigiza. Kuimba walijua, kucheza ngoma walijua, na kusimulia ndiko walikojua zaidi. Lakini kila jambo lililotokea lilisimuliwa kwa mdomo mmoja, na mdomo huo ulisema, "Yeye akaniambia hivi, nami nikamjibu vile." Aliyekwenda kuwinda alirudi akasimulia habari za mnyama. Haikumjia mtu yeyote akilini kwamba angeweza kuinuka akawa huyo mnyama. Kila mtu alikuwa yeye mwenyewe tangu alipoamka mpaka alipolala, na hakuna aliyegundua kwamba jambo hilo huchosha.

Katika nchi hiyo kulikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama kilichoitwa Kilulumo. Katikati ya kijiji palikuwa na uwanja wa kupuria mtama, duara kubwa lililosiribwa kwa udongo uliochanganywa na samadi, likakauka likawa gumu na laini kama tumbo la chungu. Kila mwaka, mavuno yalipokaribia, uwanja huo ulisiribwa upya. Kazi hiyo ilikuwa ya ndugu wawili, Mhoja na mdogo wake Lugembe, kwa kuwa baba yao alikuwa mtunzaji wa uwanja, na babu yao kabla yake.

Ndugu hawa hawakufanana hata kidogo. Mhoja alikuwa mnene mwenye kitambi, na kila alipotaka kusema alikohoa kwanza, kama mtu anayebisha hodi kwenye maneno yake mwenyewe. Lugembe alikuwa mrefu na mwembamba kama bua la mtama. Aliposimama alilaza fimbo yake ya kuchungia mabegani, akaitundikia mikono yote miwili, kisha akapumzisha wayo wa mguu mmoja kwenye goti la mguu wa pili, akakaa hivyo kama korongo aliyesahau anakokwenda. Pamoja na tofauti hizo walipendana, na watu walizoea kuwaona pamoja.

Mwaka mmoja Lugembe alikwenda kuwasalimu wakwe zake, na alipokuwa huko Mhoja akausiriba uwanja peke yake. Lugembe alirudi jioni, akauona uwanja ukiwa bado mbichi, akapita akaenda zake nyumbani. Kesho yake alfajiri ng'ombe wake, dume jekundu, alitoka zizini akauvuka uwanja kutoka upande hadi upande. Alipofika mwisho aligeuka akarudi alikotoka, maana ng'ombe hana haraka. Udongo ulipokauka ulikauka pamoja na alama za kwato zake zote.

Mhoja alisema Lugembe alimwachia ng'ombe kwa makusudi. Lugembe alisema ng'ombe ni ng'ombe, na kama kaka alitaka uwanja ulindwe, angekaa hapo mwenyewe aulinde, maana uzito wa kukaa anao. Baada ya hapo maneno yalikwenda mbali, na mimi sitayafuata huko.

Sasa sikilizeni vizuri, maana watu wa Kilulumo walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mtama haupurwi kwenye uwanja wenye ugomvi. Ya pili ilisema kwamba anayeona watu wakigombana uwanjani, asipokwenda kuwaamulia, naye amegombana. Desturi zote mbili zilikuwa njema, na kwa vizazi vingi ziliwafaa. Lakini mwaka huo mtama ulikuwa umeshakatwa. Masuke yalilundikwa kando ya uwanja kama kilima kidogo, na kwelea kwelea walikuwa wanashuka juu yake kwa makundi. Upande wa mashariki mawingu yalianza kujikusanya. Mvua ingenyesha juu ya lundo lile, mtama ungechipua na kuoza pale pale, na kijiji kizima kingekabili njaa hadi mavuno mengine.

Msuluhishi wa kijiji aliitwa Mzee Ntobi. Alikuwa mtu wa heshima kubwa, mwenye fimbo nyeusi iliyochongwa, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Aliitisha baraza. Mhoja alisimulia, na alisimulia vizuri hata kila mtu akakubali kwamba haki ni yake. Kisha Lugembe akasimulia, naye akasimulia vizuri hata kila mtu akageuka. Mhoja akaomba kusimulia tena. Kila aliyesikiliza aliondoka na upande aliousikia mwisho, mpaka kijiji kikagawanyika katikati, wa Mhoja hawapeani moto na wa Lugembe, na wake wa ndugu wale wawili wakakatazwa hata kusalimiana. Mzee Ntobi alilala usingizi mara kadhaa, kwa heshima zake zote. Na mtama ulibaki pale pale ukiliwa na ndege.

Mke wa Mhoja aliitwa Kabula, mwanamke wa umbo kubwa na sauti nzito. Mke wa Lugembe aliitwa Wande, mdogo wa umbo, mwepesi kama cheche. Walikuwa wamezoeana tangu siku Wande alipoletwa nyumbani kama bibi harusi. Asubuhi moja walikutana kisimani, hakuna mtu mwingine.

"Dada, tumekatazwa kusalimiana," alisema Wande.

"Basi usinisalimie," alijibu Kabula. "Niambie tu umeamkaje."

Wande alicheka, akatua mtungi. Akasema kwamba jana yake shemeji Mhoja alipita mbele ya nyumba yao. Na hapo, badala ya kueleza alivyopita, aliubeba mtungi wake mbele ya tumbo chini ya vazi la ngozi alilovaa, akatembea kwa kuyumba huku na huku, akasimama, akakohoa. "Khm! Mimi nasema hivi. Khm! Ng'ombe asiyefungwa ni ng'ombe aliyetumwa!"

Kabula alicheka hadi akakaa chini. Kumbukeni kwamba mke wa Kilulumo hakuruhusiwa kumdhihaki mumewe, lakini shemeji na shemeji walikuwa watani, na mtani akikutania huwezi kununa. Kwa hiyo Kabula naye akaokota mti mrefu uliokuwa hapo kisimani, akaulaza mabegani, akatundika mikono, akainua mguu mmoja. Kwa jinsi alivyokuwa mkubwa, nusura atumbukie kisimani. "Ng'ombe ni ng'ombe, kaka," alisema kwa sauti ya uvivu. "Ulitaka nimfundishe njia?"

"Khm! Unanijibu mimi kaka yako?"

"Sikujibu wewe, naujibu huo mtungi uliotangulia."

Waliendelea hivyo, huyu akisema na yule akijibu, mpaka pumzi zikawaishia. Kisha wakatazamana.

"Dada," Wande alisema taratibu, "wale ndugu walikuwa hapa sasa hivi."

"Niliwaona," alisema Kabula.

Hakuna aliyekuwa amesimulia kitu. Hapakuwa na "yeye akasema" wala "mimi nikasema". Mhoja na Lugembe walikuwa wamekuja wenyewe kisimani kwa kutumia miili ya wake zao, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze walikuwa wakisemezana. Wanawake wale wakaona kwamba jambo walilogusa ni kubwa. Wakakubaliana kulipeleka uwanjani, kila mmoja amchukue shemeji yake, ili utani uwalinde.

Siku hiyo hiyo, watu walipokuwa wamekaa nje ya nyumba zao, Wande alitokea uwanjani amefunga kibuyu tumboni na kujitanda ngozi ya mbuzi juu yake, na Kabula alitokea upande wa pili na fimbo mabegani. Wakaanza kugombana kwa sauti kubwa. Nanyi bila shaka mmeshajua kilichofuata. Watu wa Kilulumo waliona ugomvi uwanjani, na desturi yao ilikuwa wazi. Wakaja mbio. Wanaume wakamshika Wande mikono, wanawake wakamzuia Kabula, kikongwe mmoja akammwagia Kabula maji ya kupoza hasira, na Mzee Ntobi akafika mwisho wa wote, kwa mwendo wake, akanyoosha fimbo kati yao.

"Kabula! Wande! Waume zenu hawatoshi, hata nyinyi?"

"Hatugombani, mzee," alisema Wande huku akihangaika mikononi mwa watu. "Mimi si Wande. Mimi ni shemeji Mhoja."

"Jua limemwingia kichwani," alisema mtu mmoja. "Mleteni kivulini."

Mzee Ntobi alimgeukia Kabula, ambaye maji yalikuwa yakimchuruzika usoni. "Wewe uliye mkubwa, niambie. Mume wako ni nani?"

"Sasa hivi sina mume, mzee," alijibu Kabula. "Nina mke, tena mke wangu ni huyu huyu Wande, ila hayupo hapa."

Hapo hata waliokuwa wamewashika waliwaachia, kwa kuogopa kwamba ugonjwa huo huambukiza. Kila Kabula na Wande walipojaribu tena, watu waliingia wakawaamulia tena. Kila walipoeleza, hawakueleweka, kwa sababu neno la kuwaelezea lilikuwa bado halijazaliwa.

Ndipo Wande akafikiri. Alikwenda jikoni kwake akarudi na jungu la majivu. Akaanza kumwaga majivu kwa mkono ukingoni mwa uwanja, akizunguka taratibu hadi mstari mweupe ukakutana na mwanzo wake. Watu walimtazama.

"Ndani ya majivu haya," alisema, "hakuna Kabula wala Wande. Wapo Mhoja na Lugembe tunaowafanya sisi. Ugomvi wa humu ndani ni wa kufanywa, na nje ya majivu hakuna wa kuamulia. Nyinyi kazi yenu ni kutazama."

Mzee Ntobi aliuangalia mstari ule. "Kama ugomvi huo ni wa kufanywa," aliuliza, "desturi inautambua?"

"Desturi inasema anayeona watu wakigombana," alijibu Kabula. "Wenye ugomvi huu hawamo humu. Wako majumbani mwao wamenuna."

Mzee Ntobi akaitikia kwa kichwa polepole, kisha akaketi chini, nje ya mstari. Alipoketi yeye wote waliketi, wakiuzunguka uwanja pande zote, wafupi mbele na warefu nyuma, kama mlivyokaa nyinyi sasa. Mtu mmoja akapiga ngoma kidogo ili waliokuwa mbali waje. Waliposikia ngoma, Mhoja na Lugembe nao wakaja, kila mmoja akasimama upande wake, na lundo la mtama likiwa kati yao.

Wande aliingia kwanza. Alitembea na kibuyu chake, akakohoa. Uwanja mzima uliangua kicheko.

"Mimi sikohoi hivyo!" alipaza sauti Mhoja, na kabla ya kusema akawa amekohoa.

"Unakohoa hivyo hivyo!" walijibu watu kwa pamoja.

Lugembe alicheka mpaka akainama. Lakini hapo Kabula akaingia, na fimbo yake, na mguu mmoja juu, akiyumba kama nyumba iliyojengwa juu ya mchi. Sasa ikawa zamu ya Mhoja kucheka. Lugembe alishusha mguu wake haraka, akakuta watu wote wamegeuka wanamtazama.

Mchezo ukaendelea hadi pale ambapo ng'ombe alipaswa kupita, na kumbe wanawake wale walikuwa wamesahau kutafuta ng'ombe. Kabula alisimama akikuna kichwa. Kule nje, Mzee Ntobi alikuwa amekuwa na shida kwa muda mrefu. Magoti yake yalikuwa yanataka kuinuka. Maisha yake yote aliingia kwenye kila ugomvi wa kijiji, na huu, ulio mtamu kuliko yote, alikatazwa kuuingia.

"Mimi naomba kuingia," alisema mwishowe.

"Kuamulia hapana, mzee," alisema Wande. "Na huwezi kuingia ukiwa Mzee Ntobi. Mzee Ntobi inabidi abaki nje ya majivu."

"Sasa niingie nikiwa nani?"

Wande na Kabula wakatazamana. "Nafasi iliyobaki," alisema Wande kwa adabu yote, akipiga goti, "ni ya ng'ombe."

Mzee Ntobi aliitazama fimbo yake nyeusi. Akampa aliyekuwa karibu naye aishike. Akavua kilemba chake akakikunja vizuri, akakiweka chini. Kisha akauvuka mstari wa majivu, akapiga magoti, akaweka mikono chini, na ng'ombe akaingia uwanjani.

Wanangu, watu wa Kilulumo walicheka siku hiyo kicheko ambacho hawakuwa wamekicheka tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Wa Mhoja waliwaangukia wa Lugembe begani, na wa Lugembe waliwafuta machozi wa Mhoja, wakasahau kwamba hawapeani moto. Wanawake walishindwa kunyamaza. Kwa kuwa miguu yao haikuruhusiwa kuingia, waliingiza sauti. Wakachukua mwito wa wimbo wa kupura na kuutilia maneno mapya:

*Ng'ombe kapita, kapita wapi?*
*Kapita uwanjani, kwato kaziacha.*
*Nani alimfunga? Kamba yajua.*
*Nani alimfungua? Kamba yajua.*

Mzee Ntobi alipita kwa heshima kubwa, akikanyaga kila alama ya kwato iliyokauka, asiruke hata moja. Alifika mwisho, akageuka, akarudi. Na Kabula, akiwa Lugembe, alimfuata nyuma akitazama chini, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake. Hivyo ndivyo alivyofika ukingoni mwa uwanja upande wa kaskazini, na hapo akasimama.

Alikuwa ameona kiganja.

Kila mwaka kazi ya kusiriba ilipokwisha, ndugu wale waligandamiza viganja vyao kwenye udongo mbichi, pale ukingoni, kimoja kando ya kingine. Walianza tangu wakiwa watoto, baba yao akiwa katikati. Ilikuwa alama yao kwamba kazi wameifanya pamoja. Mwaka huo palikuwa na kiganja kimoja tu, kinene, cha Mhoja.

Kabula hakuwa amepanga lolote kuhusu kiganja. Alipokuwa Kabula alipita hapo kila siku wala hakukiona. Lakini sasa alikuwa amebeba fimbo ya shemeji yake na kutembea mwendo wa shemeji yake, na jicho lake likaanguka pale ambapo jicho la shemeji yake lilianguka jioni ile aliporudi kutoka kwa wakwe zake. Aliishusha fimbo. Akachutama. Akanyoosha mkono wake, akauweka kwenye udongo mkavu kando ya kiganja kile, akaubonyeza kwa nguvu, akauinua. Udongo haukushika kitu.

Vicheko vilikoma. Hata wimbo ulikoma.

Wande alikuwa amejiandaa kukohoa na kupiga kelele. Lakini alipomwona Kabula akikitazama kiganja chake kisicho na udongo, kelele zile hazikumtoka. Alikaribia na kibuyu chake, akasimama nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuwa ameipanga:

"Niliona mawingu. Nilidhani utachelewa."

"Ungeningoja," alisema Kabula.

Hakuna zaidi. Katika masimulizi yote ya baraza, hakuna aliyekuwa amelitaja neno hilo. Lugembe alisimulia habari za ng'ombe, kwa sababu kudai ng'ombe si aibu kwa mtu mzima, lakini kulilia kiganja ni aibu. Mhoja alisimulia habari za kwato, kwa sababu kwato zilionekana.

Nje ya mstari, Lugembe alikuwa ameinamisha uso. "Kamba nilimfunga ovyo," alisema, na watu wote wakamsikia. "Usiku nilimsikia akiivuta. Nikageukia ukutani nikalala."

Mhoja hakukohoa. Alitembea hadi ukingoni, vidole vya miguu vikagusa majivu, akasimama. "Naomba niingie," alisema.

Mzee Ntobi alikuwa bado amepiga magoti katikati ya uwanja, na akiwa hapo hapo aliinua kichwa. "Ukiingia, unaingia ukiwa nani?"

"Nikiwa mimi," alisema Mhoja. "Mimi niliyekosa kungoja."

Basi Wande akafungua ngozi ya mbuzi na kukitoa kibuyu tumboni, na Kabula akatua fimbo chini, na watu wakaziona tena sura zao wenyewe. Wande akaufuta mstari kwa wayo wa mguu wake, pale Mhoja aliposimama. Mhoja akaingia kwa upande huu, Lugembe akaingia kwa upande ule. Sitawaambia walisemezana nini. Walisema polepole, na hayakuwa maneno ya watazamaji.

Kila mtu alikuwa amerudi kuwa yeye isipokuwa mmoja. Mzee Ntobi alikuwa amepata ladha ya kuwa ng'ombe. Alikuwa akitafuna mabua pembeni mwa lundo, macho yamefumbwa nusu, na alipoitwa kwa jina alilia "Muu!" kwa sauti nzito, akaendelea kutafuna. Mkewe alimwita, hakuitika. Walimletea fimbo yake, akainusa. Ndipo mkewe akaanza kupiga makofi, kwanza kwa hasira kidogo, kama anavyofukuzwa mnyama shambani. Wengine wakamsaidia. Makofi yakaenea uwanja mzima, yakawa mengi kama mvua ya mawe, na watu walipokuwa wakipiga makofi waligundua kwamba hawana hasira bali wamefurahi, wakazidisha. Mzee Ntobi akatikisa masikio. Akajitazama mikono. Akainuka taratibu, akapangusa magoti, akavaa kilemba chake, akainama mbele ya watu kwa aibu kidogo na kwa furaha kubwa zaidi.

"Nimefika," alisema. "Ahsanteni kwa kuniita."

Mchana ule ule ndugu wale waliulowesha uwanja, wakaziba kwato zote na kuusiriba upya, kijiji kizima kikichota maji na samadi, na ukingoni wakaacha viganja viwili. Jua liliukausha uwanja. Kesho yake mtama ulipurwa kuanzia alfajiri, marungu yakipanda na kushuka kwa wimbo ule wenye maneno mapya, wanawake wakipepeta na watoto wakiwafukuza kwelea kwelea. Wakaupeleka ghalani kapu kwa kapu. Kapu la mwisho lilipopita mlangoni, matone ya kwanza yakaanguka juu ya uwanja mtupu, na hakuna aliyekimbia kujificha.

Mwaka uliofuata, mavuno yalipokwisha, watu wa Kilulumo walikusanyika kwa Kabula na Wande, wakasema, "Tufanyieni ule ugomvi."

"Hakuna ugomvi," walijibu. "Waume zetu wameelewana, wako malishoni wanacheka."

"Basi tungeni mwingine," walisema watu. "Hata kama haujamtokea mtu. Majivu tumekuja nayo."

Na tangu siku hiyo, wanangu, watu huigiza. Mahali pa kuchezea hutengwa na mahali pa kutazamia, hata kama hakuna jukwaa la mbao na palipo ni kamba iliyotandazwa chini shuleni. Mwigizaji huvaa mavazi yasiyo yake na kuchukua mwendo usio wake, maana anayevuka mstari humwacha nje yule aliyekuwa. Wawili husimama na kusemezana wao kwa wao mbele yetu, nasi hatusimuliwi, tunaona. Lazima pawepo jambo lililofungana kati yao, ama sivyo hatuna sababu ya kukaa. Sisi huketi wafupi mbele, tukacheka, tukaimba wanapoimba, lakini hatuingii kuamulia hata mioyo ikituuma. Na mchezo ukiisha hupiga makofi kwa nguvu zetu zote, tusikome mapema, kwa sababu huenda kuna mmoja pale mbele ambaye bado hajarudi.